Shaba Yaumbuka Texas

Februari 2021, baridi kali ilipopiga, Texas, jimbo lenye visima vya mafuta na majigambo ya kutosha, lilikosa umeme wa kuchemshia chai. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikaingia gizani, na mabomba ya shaba, yaliyopitishwa darini kana kwamba baridi ni shida ya watu wa kaskazini, yakaganda na kupasuka. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Shaba huvimba kidogo, kisha huchanika.

Mafundi bomba wakawa adimu hata serikali ya jimbo ikawafungulia mlango wale wa nje ya jimbo.

Ndipo ikashangiliwa PEX, plastiki inayopindika: nyekundu kwa maji ya moto, bluu kwa ya baridi. Barafu ikiisukuma, aghalabu hunyumbuka. Haichomelewi kwa moto, na mwizi wa vyuma chakavu hana haja nayo. Shaba, na bei yake yote, ikanuna.

Lakini jua huiharibu plastiki hiyo, panya huitafuna, na barafu ikizidi, plastiki nayo hupasuka. Wenye nyumba wa Texas wayavishe mabomba kinga ya baridi kwanza, sifa za plastiki baadaye.