Kabla ya Hürrem Kuongea Kiswahili: Kutoka Sita Hadi Moja

Huku kwetu Bagamoyo, ya Tukuyu lakini, si ile ya majahazi, mvua ikishika kasi hakuna pa kwenda. Watu wanajifungia na tamthilia za Kituruki. Basi, mgomvi wa rimoti, kaa hapa nikuhesabie zilikotoka.

6. Mnara. Tarehe 14 Novemba 1914, inasemekana Fuat Uzkınay alipiga picha mnara wa Warusi ukibomolewa Ayastefanos, Istanbul. Waturuki wengi wanaihesabu kuwa filamu yao ya kwanza. Walianza na kubomoa mnara, wakaja kubomoa ratiba yako ya kulala.

5. Muhsin Ertuğrul. Tangu 1922 hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 aliongoza filamu karibu peke yake. Alitoka kwenye jukwaa la maigizo, na waigizaji wake pia. Huyu si yule Ertuğrul wa tamthilia, wa farasi na upanga, kaka. Rudisha upanga wako alani.

4. Türkan Şoray. Alianza 1960, na kwao jina lake la heshima ni Sultan. Alikuwa na masharti yake: mikataba yake haikuruhusu busu wala kuvua nguo, na watayarishaji walitii. Mama mkwe akiwa sebuleni, nani asimshukuru? Ndaga fijo, asante sana, bibi!

3. Sauti za kuazima. Kuna wanaolalamika kwamba Kiswahili cha kituo cha Azam kinamwondolea Hürrem, yule mke wa sultani kwenye tamthilia, utamu. Sikilizeni! Enzi ya Yeşilçam, mtaa wa Istanbul ulioipa jina tasnia nzima, picha zilipigwa bila sauti, kisha wasanii wengine wakaingia studio kuwasemea mastaa. Hata Şoray alisemewa miaka mingi na Adalet Cimcoz. Yaani Mturuki mwenyewe alimpenda staa wake kwa koo la mtu mwingine. Na sisi tulishazoea: Lufufu, yaani Derek Mukandala, alitafsiri filamu za nje kwa ajili ya mabanda ya video, akawa jambazi, polisi na mchumba kwa pumzi moja. Azam wanaajiri kundi zima kwa kazi aliyoibeba mtu mmoja!

2. Yılmaz Güney. Aliandika Yol akiwa gerezani, Şerif Gören akaiongoza kwa maelekezo yake. Güney akatoroka 1981, akaihariri nje ya nchi, na 1982 ikagawana Palme d'Or huko Cannes na filamu ya Costa-Gavras. Uturuki iliifungia hadi 1999. Wewe umeme ukikatika saa moja tu unasema kazi imekushinda?

1. Mtazamaji wa mkoani. Hapa ndipo ninapopapenda. Filamu za Yeşilçam hazikulipiwa na matajiri wa Istanbul pekee. Wasambazaji wa Adana, İzmir na Samsun walitanguliza hati za malipo, wakaja na maagizo: watu wangu wanamtaka staa huyu, mapigano yawe mengi, mwisho uwe vile. Adana ilimtaka Güney, mtoto wa huko, na ikampata. Mwaka 1972 zikatoka filamu kama 300! Baadaye televisheni, video na mapinduzi ya 1980 vikaivunja tasnia hiyo, hadi Eşkıya ya 1996 ilipowarudisha watu kwenye majumba ya sinema. Lakini ufundi wa kumjua mtu wa mji mdogo haukupotea. Ulihamia kwenye tamthilia, na ndio unaokufanya ukeshe leo.

Bongo Movie nayo ilikuwa na wasambazaji wake Kariakoo, na staa wake Kanumba akapendwa kila wilaya hadi alipofariki Aprili 2012. Ila maagizo yalitoka Dar, kutoka kwa watu wa Dar. Sasa tuagize sisi. Tunataka filamu ya mashamba ya chai, yenye ukungu wa kweli wa Rungwe, bibi anayemsuta mkwe kwa Kinyakyusa, na mapenzi yanayovunjika stendi ya Tukuyu mvua ikinyesha. Mvua tutawapa bure. Msambazaji aje achukue oda. Chai na ndizi za kuchemsha ziko tayari.