Namna ya Kuwa Hadhira Bagamoyo

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na mwaka uliofuata tayari kilikuwa na tamasha lake. Tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa wenye haraka. Wanafunzi wake hufundishwa kucheza ngoma, kupiga ala, kuigiza, kuruka sarakasi, kupanga taa na sauti. Watazamaji hawafundishwi na mtu. Wanashuka stendi, wanakaa, na kuanzia hapo kila mmoja anajitungia sheria zake. Mwongozo huu ni wao.

Tuanze na kiingilio. Lipa. Usimpigie simu binamu yako mchezaji aje akupitishe getini. Muda huo anafungwa njuga miguuni, na kitu anachokihitaji kutoka kwenye ukoo wenu ni mtu mmoja aliyelipa. Undugu unathibitishwa kwenye dirisha la tiketi.

Ukitoka Dar es Salaam, safari ni ya kilomita kama 70, na foleni ya kuelekea Tegeta haijawahi kumhurumia mpenda sanaa. Ondoka mchana. Ukiwahi, nenda kaangalie bahari, kula pweza, ongea na watu. Ukichelewa, simama mlangoni hadi watu wapige makofi, kisha ingia umeinama na uketi kiti cha kwanza utakachokikuta. Kiti kizuri cha mbele ni cha aliyewahi, hata kama wewe umevaa suti.

Mgeni rasmi naye ana sehemu yake hapa. Ndugu mgeni rasmi, wapiga ngoma wamekaa nyuma wakipasha ngoma zao moto ili ngozi zikaze na zilie vizuri. Hewa ya pwani usiku ina unyevunyevu, na ngozi ikikaa muda mrefu inalegea tena. Hotuba yako ikifika ukurasa wa tano, moto umekwisha, ngoma zimenyamaza, na miguu ya wachezaji imepoa. Sema dakika tano, ukae, na ubaki hadi mwisho. Ukiondoka katikati na msafara wako, nusu ya safu ya mbele inaondoka nawe, na wanafunzi wanaona viti vitupu mahali ambapo walitarajia kuona macho.

Ngoma ikianza, una ruhusa kubwa. Bugobogobo ya Wasukuma ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa majembe, na haikusudiwi kutazamwa na mtu aliyekunja mikono kama anasubiri matokeo ya maabara. Piga kigelegele. Itika. Ukiguswa kweli, nenda ukamtunze mchezaji, ila ujue kutunza kuna adabu yake. Inuka na noti mkononi, fuata mdundo, mpe, rudi. Usisimame mbele yake ukisubiri mpiga picha. Usimwage noti moja moja kwa dakika nzima huku umewaziba walio nyuma yako. Wao pia walilipa, kama walifuata maelekezo ya getini.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni zeze. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufanya muziki wa kwao usikike duniani, alifundisha chuoni hapo na aliishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Zeze na ilimba alivyovipiga ni ala za sauti ndogo. Ilimba hupigwa kwa vidole gumba, na ndani ya mlio wake kuna milio mingine midogo inayotetemeka, ambayo ndiyo utamu wenyewe. Mtu akifungua pakiti ya karanga kwenye safu ya tatu, milio hiyo inapotea. Kwa hiyo mwanafunzi akitoka na zeze peke yake, acha kutafuna, acha kumsimulia jirani habari za mjini, na usipige makofi ya kufuatisha. Sikiliza kwanza. Mwenye zeze akitaka sauti yako ataiomba.

Simu izime mlio. Najua unataka kumrekodi mtoto wa dada yako. Rekodi kipande kifupi, kisha iweke mfukoni, umtazame kwa macho. Kutoka jukwaani mwigizaji haoni sura zenu vizuri, ila mwanga wa simu anauona wote.

Sasa tufike kwenye kicheko, maana hapa ndipo kazi ya wanafunzi inapoumizwa zaidi. Chukua tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwishoni shujaa yuko mikononi mwa Wajerumani, wamemtesa, na wanamtaka aseme kwamba maji aliyowapa wapiganaji wa Maji Maji yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anawafikiria watakaokuja kupigana baada yake. Kijana wa mwaka wa pili amekaa na maneno hayo muhula mzima. Anasimama kwa shida, anafungua mdomo, na nyuma ya ukumbi watu wanaangua kicheko kwa sababu kaptula yake imelegea.

Sisemi kicheko hicho ni uovu. Wengi wetu tulijifunza kutazama maigizo kupitia vichekesho, na mtu akilia jukwaani tumezoea iwe kwa ajili ya kutuchekesha. Wengine hucheka kwa sababu uchungu umewakaribia na hawajui wauweke wapi. Dawa yake ni moja: uache uchungu ukufikie. Bana pumzi, tazama. Kumbuka uko Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891, na boma lao bado lipo, si mbali na hapo ulipokaa. Kinjeketile Ngwale mwenyewe walimnyonga mwaka 1905. Kijana aliye mbele yako anajaribu kukurudishia kitu chako. Mwache amalize, halafu kesho mtanie kuhusu kaptula.

Zipo tamthilia zinazokutaka useme. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na Bi Msimulizi huongea moja kwa moja na waliokaa. Akiongea nawe, uwepo. Ukumbi unaokaa kimya mbele ya msimulizi unamvunja nguvu sawasawa na ule unaocheka mbele ya shujaa anayekufa.

Nayasema haya yote kwa sababu mwanafunzi wa sanaa hawezi kumaliza masomo yake akiwa amefungiwa darasani. Anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima mbele ya mwalimu, akajua hatua zote na maneno yote, na bado asijue sentensi yake inachukua muda gani kufika safu ya mwisho, wala afanye nini umeme ukikatika. Hayo anayajifunza mbele ya watu, na watu wenyewe ni sisi. Mwaka 2002 ukumbi wa chuo hicho uliteketea kwa moto. Ukajengwa mwingine mkubwa kwa msaada wa Sweden. Wafadhili wanaweza kujenga kuta, jukwaa na mitambo ya taa. Kuvijaza viti hakuna mfadhili anayeweza kutufanyia.

Onyesho likiisha, usikimbilie basi. Mtafute mwanafunzi mmoja, umwambie kitu mahususi: pale uliponyamaza kabla ya kujibu, pale mlipogeuka wote kwa pamoja, wimbo ule wa pili. "Mmejitahidi" tuliambiwa tangu shule ya msingi na halikutusaidia. Kama kuna kilichokuchosha, mwambie pia, kwa upole, na umwambie ni wapi hasa. Atalala akikifikiria.

Kisha uliza tarehe za tamasha lijalo, na ukija kata tiketi mbili. Ya pili mpe jirani ambaye hajawahi kuona mchezo wa jukwaani, na njiani msomee haya.