Babu Mbele ya Baraza

Mfipa anayetafuta asili ya ukoo wake katika majalada ya mahakama za zamani huanza kazi akiwa na jibu tayari, kwamba babu alikuwa jamaa ya Mwene, yaani mtawala wa jadi, ama wa Nkansi ama wa Lyangalile, falme mbili za Wafipa, na kilichobaki ni kupata muhuri tu. Kwa bahati mbaya, mahakama za wenyeji, yaani mabaraza ambayo Waingereza waliyapanga upya kwa sheria ya mwaka 1929 chini ya watawala hao hao, na ambayo yalifutwa kwa sheria ya 1963, hazikuajiriwa kuandika nasaba bali ugomvi: mdai, mdaiwa, dai, hukumu na ada, kisha, pale ambapo saini ya mtukufu ingetarajiwa, alama ya dole gumba. Hapo mjukuu aliyefuata kiti cha enzi hukutana na mbuzi asiyelipwa, mahari iliyokwama nusu njia, na ulezi wa jirani ulioliwa na ng'ombe wa babu. Mchwa, ambao ndio wasomaji wakongwe zaidi wa majalada hayo, wamewasitiri wazee wengi. Asiyeridhika hupanda basi kutoka Sumbawanga hadi Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, akaombe ruhusa ya kulisoma deni la kwao. Na aende salama, ila akumbuke kwamba mdai naye ana wajukuu, nao wanajua kusoma.