Kibaraza cha Mama

Jumamosi, 4 Januari
Magoti ya mama hayataki tena ngazi, na uwanja wa nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga hugeuka tope kila masika. Kabla masika haijafika nataka kumjengea kibaraza cha mbao, futi 9 kwa 12, cha chini, atoke mlangoni akanyage mbao bila kushuka. Sijawahi kujenga hata banda la kuku. Nimepiga vigingi vinne, nimevuta kamba, pande zote zimetimia kipimo, lakini kutoka dirishani kinaonekana kimelala upande. Mzee jirani, seremala wa zamani, akaniambia nipime pembe kwa pembe. Huku futi 15 na inchi 4, kule futi 14 na inchi 8.

“Kwa 9 na 12, mwanangu, zote mbili ziwe 15 kamili. Ni ileile tatu, nne, tano, umeizidisha mara tatu.”

Nimeng’oa vigingi.

Jumapili, 5 Januari
Kusawazisha matofali 9 ya msingi kwa mpira wa maji. Mimi nilishika ncha moja, binamu nyingine. Tofali la mwisho likatoka juu inchi nzima. Hewa ilikuwa imekaa kwenye mkunjo wa mpira. Tumeanza upya.

Jumamosi, 11 Januari
Nilitamani mtiki wa Longuza, hapo Muheza tu. Bei ikanirudisha kwenye paina iliyotiwa dawa ya kijani. Boriti niliuziwa kwa jina la 2 kwa 6. Nyumbani nimepima moja moja: nyingine inchi 5 na nusu, nyingine 5 na robo tatu. Darini robo inchi haionekani, lakini kwenye sakafu mguu wa mzee huigundua kabla ya jicho. Zilizo pana nimezichonga kwa chini, pale zinapokalia tofali. Nilipokata nikaona ndani ni peupe, dawa haikufika moyoni mwa mti. Nimerudi mjini kununua kopo la dawa, nimepaka kila kichwa kilichokatwa mara mbili. Mchwa wa hapa hahitaji mlango mpana.

Jumatatu, 13 Januari
Nimerudi kutoka kazini nikakuta shangazi ameinjika chai kwenye mafiga, na kuni ni vipande vyangu vya kijani.

“Shangazi, ipua! Hizo zina sumu.”

“Sumu gani, mbona zinawaka vizuri?”

Dawa ile ni ya shaba, kromu na aseniki. Moto hauiui aseniki: nyingine hupanda na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu. Na majivu ya nyumba hii mama huyamwaga kwenye tuta la mchicha. Chai nimeimwaga. Majivu nimeyalowesha yasipeperuke, nimeyazoa yote, nimeyafunga kwenye mifuko miwili. Shangazi hana kosa. Muuzaji hakunieleza kitu, mimi nilikuwa nimesoma habari hiyo na sikumwambia mtu nyumbani. Vipimo vilivyokosewa havijaninyima usingizi, hili limeninyima. Vipande vilivyobaki nimevifungia stoo, na kila mtu amejua, hata watoto.

Jumamosi, 18 Januari
Kupigilia. Mbao tatu zimepasuka vichwani, maana msumari ukiwa karibu na ncha ya ubao huachanisha nyuzi kama kabari. Mzee akaniambia nitoboe kwanza, tundu liwe jembamba kuliko msumari. Baada ya hapo haukupasuka ubao hata mmoja. Kati ya ubao na ubao nimeacha nafasi ya kidole, maji ya mvua yapite.

Jumamosi, 8 Februari
Wiki tatu za jua la kaskazi. Mbao zilikuja mbichi, sasa zimekauka na kusinyaa, na ile nafasi ya kidole imekuwa ya kidole gumba. Leo ncha ya bakora ya mama imezama humo. Nilimdaka mkono. Hakusema kitu, alirudi ndani taratibu. Ubao mbichi ulitaka kubananishwa, upenyo ungejifungua wenyewe.

Jumamosi, 15 Februari
Nimebandua mbao zote na kuanza kuzisogeza, nikitokea mlangoni. Kumbe upande wa mwisho, kati ya boriti mbili, kuku mwekundu tuliyedhani ameliwa na kicheche anaatamia mayai 11.

“Muache,” mama akasema. “Ukimgusa atayakimbia.”

Kwa hesabu yake, tangu kuku apotee, zimebaki siku 8 kutimia 21. Nusu ya mlangoni nimeshaifunga, upenyo hauingizi hata bakora. Jioni mama ametoka na ungo wa mchele, ameketi, miguu yote miwili juu ya mbao. Kila baada ya muda alikuwa anaacha kuchambua, anainama, anasikiliza chini.