Mama Mkwe, Kisu cha Nyama na Viwavi

Baba Zuhura alichoka na mashine ya kukatia nyasi. Kitongoji chetu, kaskazini mwa Minneapolis, kinazijua Jumamosi kwa mlio wa mashine hizo: kila mwanaume nyuma ya yake, huyu akichungulia kama nyasi za yule zimepita kimo. Yeye akasoma mahali kwamba Minnesota iliwahi kuwa na hekta zaidi ya milioni 7 za prerii, yaani mbuga za nyasi ndefu na maua ya kila rangi, na kwamba baada ya majembe na mahindi imebaki kama asilimia moja tu. Akaamua kurudisha kidogo. Hicho kidogo kilikuwa uwanja wetu wa mbele.

Nilimwachia. Mume anayechimba bustani hagombanii rimoti.

Mwanzoni hakukuwa na cha kumwonyesha mgeni. Mimea ya prerii hushughulika kwanza na mizizi. Nyasi ya blustemu kubwa, inayompita mtu mzima kimo, huteremsha mizizi mita mbili hata tatu ardhini, kwa hiyo huku juu unaona vijani vichache na mume aliyechuchumaa akivisemesha. Kisha, mwaka wa tatu, pori likafumuka: ekinasia za zambarau, milkwidi zenye vichala vya waridi, nyuki wanene wenye manyoya, na ndege wadogo wa manjano wanaoning'inia kwenye vichwa vya maua wakidonoa mbegu. Zuhura na mdogo wake Juma wakahamia dirishani. Katuni zikasahaulika, jambo ambalo miaka yote nilikuwa nikilitafuta kwa ukali.

Mwezi wa saba akaja bibi yao kutoka Muheza, mkoani Tanga.

Kwake Muheza uwanja hufagiwa alfajiri kwa fagio la chelewa mpaka michirizi ionekane, na nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya wavivu au ya marehemu. Alishuka garini, akatazama, na badala ya kuitikia shikamoo yangu akauliza:

"Nani kafa humu?"

"Mama, hii ni mimea ya asili," mwanawe akasema.

"Asili ya nani? Na nyoka je?"

Baba Zuhura akamweleza kwamba ofisi ya mji ilishatuletea barua kuhusu urefu wa majani, lakini iko sheria ya jimbo ya mwaka 2023 inayomruhusu mwenye nyumba kutunza bustani ya namna hii.

"Na nyoka wamesomewa hiyo sheria?"

Usiku ule usingizi wake ulikuwa bado uko Muheza, ambako kulikuwa mchana. Tulipoamka, vichaka vyote vya milkwidi vilikuwa vimelala chini, vimekatwa usawa wa kifundo cha mguu na kurundikwa vizuri kando ya njia. Kilichotumika ni kisu changu cha nyama, kile nisichomwazima mtu, sasa kimeganda utomvu mweupe hadi kwenye mpini. Mama mkwe alikuwa anafagia.

Zuhura alipiga yowe ambalo nadhani lilifika mtaa wa pili. Kwenye ule mrundo walikuwa wanatambaa viwavi wa kipepeo monaki, wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano. Kiwavi huyu hali mmea mwingine zaidi ya milkwidi. Sumu ya utomvu ule humkaa mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja harudii.

Wakaingizwa ndani wote, na majani yao, ndani ya bakuli zangu za kuhifadhia pilau. Sikuulizwa.

Nilitegemea mama mkwe acheke. Badala yake alivaa miwani, akainama, akakaa kimya kwa muda usio wa kawaida yake. "Huyu nduguye yuko kwetu," akasema. Ni kweli: Tanga wapo vipepeo wa ukoo huohuo wa monaki, rangi ya chungwa, ncha za mbawa nyeusi na nyeupe, na viwavi wao pia wanakula mimea ya utomvu mweupe. Tena si hilo tu. Katika milima ya Amani, wilayani kwake, wanakijiji walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza vifuko vyao nchi za nje, hadi serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mpwa wake alikuwa mmoja wa wafugaji hao. Simu ikapigwa, saa nzima, kwa bando letu.

Baada ya simu ile jikoni hakukuwa kwangu tena. Mama mkwe alitoa chandarua sandukuni (alikuja nacho, hakuamini kwamba Marekani wangempa kingine) akakifunga juu ya meza ya chakula. Bakuli zikafutwa kinyesi asubuhi na jioni. Watoto wakagawiwa zamu. Baba Zuhura, mwenye digrii na vitabu vitatu vya prerii, akatumwa kutafuta majani mabichi na kurudishwa alipoleta yaliyonyauka. Tulikula chakula sakafuni.

Walakini wachache walikuwa wameshatoroka kabla ya chandarua. Mmoja alijifungia chini ya kiti cha Juma. Mwingine alisafiri hadi chumba cha bibi, akapanda mlango, na kujining'iniza kwenye mkono wa buibui lake la harusi: kifuko cha kijani chenye vitone vya dhahabu, ambavyo ukivitazama utadhani vimetiwa na sonara. Harusi ya watu wa kwetu ilikuwa Jumamosi ile. Nikapendekeza tukihamishe taratibu kwa uzi.

"Mgeni kalala," akasema, "wewe unavuta godoro?"

Akaenda harusini na buibui langu. Mimi ni mfupi. Likamwishia katikati ya muundi. Kila aliyemtazama miguu alisimuliwa kisa chote, na nilipoenda kuchukua sahani nikakuta wazee wanawake wamemzunguka, bibi harusi kasahaulika.

Kifuko kikaja kuwa cheusi, kisha kikawa kama kioo, na asubuhi moja monaki akatoka, mbawa zimejikunja, akadondosha tone la hudhurungi kwenye buibui. Doa lipo hadi leo, limekatazwa kufuliwa. Zuhura akamweleza bibi yake kwamba hawa wanaotoka mwishoni mwa kiangazi husafiri hadi milima ya Michoacán, Meksiko, karibu kilomita 3,000, ilhali waliotoka kule masika ni mababu zao, na hakuna aliyewaonyesha njia.

"Na viza?" bibi akauliza. Yake ilikuwa imesumbua sana.

Milkwidi nazo, zilizokatwa kwa kisu changu, zilichipua upya kutoka kwenye mizizi, na vipepeo jike, ambao wanapenda majani machanga kutagia mayai, walirudi kwa wingi. Mama mkwe aliyapokea matokeo haya kama mtu aliyeyapanga. Mpaka anaondoka alikuwa akiwaeleza majirani, kwa Kiswahili, namna ya kupogoa.

Mwezi wa tatu akapiga simu. Alikuwa amejulishwa na mwanawe kwamba prerii inahitaji moto kila baada ya miaka kadhaa, na kwamba Wadakota waliokuwa wakiishi nchi hii waliichoma kwa makusudi vizazi na vizazi.

"Mmechoma?"

Baba Zuhura akasema kibali cha mji bado, na majirani wana wasiwasi, na upepo.

"Miaka yote nachoma shamba, sijaunguza kibanda. Nakuja mwezi wa nne. Kiberiti msinunue, nitakuja nacho."

Akaanza kumweleza habari za viberiti na ndege. Simu ilikuwa imeshakatwa.