Jinsi ya Kuanguka Malindi

Kwanza kabisa, chagua mwezi mbaya. Julai au Agosti itakufaa: kusi limeshika kasi, mashua zimevutwa juu ya mchanga, na bei ya changu sokoni imepanda hadi nyumbani mnakula kunde. Mtu mwenye akili zake akiona mashua zimelala chini ya minazi hujua bahari haina mzaha, akarudi kunywa kahawa yake. Wewe utasema, "Mawimbi yapo!" Utakata tiketi ya treni, utashuka Miritini, utapanda matatu ya Malindi, kilomita 120 hivi, ukiwaeleza habari za mawimbi abiria ambao hawakukuuliza.

Mchezo wenyewe unaelezeka kwa pumzi moja, na hapo ndipo ulipo mtego. Unasimama wima juu ya ubao wa karibu mita tatu, kafi mkononi. Unapiga kafi hadi ng'ambo ya pale mawimbi yanapovunjika, unageuza ubao, unangoja, wimbi linakubeba, unateleza nalo hadi ufuoni. Kwenye video kijana anafanya yote hayo na nywele zake kavu. Zitazame vizuri hizo nywele.

Mimi nilidanganywa na cheti changu cha kuzaliwa. Kimeandikwa Mombasa, na Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo nikajihesabia bahari kuwa ni jamaa yangu upande wa mama. Kumbe miaka arobaini na sita nimeishi nayo kama mtu anavyoishi na jirani wa ghorofa ya juu: namsikia, simjui. Nimevuka Likoni kwa feri mara zisizo na idadi nikisoma gazeti.

Ukiulizwa mchezo umetoka wapi, sema Hawaii. Watu wa visiwa hivyo waliteleza juu ya mawimbi karne nyingi kabla ya meli ya Mzungu wa kwanza kutia nanga kwao. Habari ya kusimama na kafi inahusishwa na Waikiki, katikati ya karne ya 20, ambako vijana wa ufuoni waliokuwa wakiwafunza watalii walisimama juu ya mbao zao, wengine na kamera shingoni, wapate kuwapiga picha wageni wao wakianguka. Miaka ya 2000 mabingwa wa mawimbi makubwa kama Laird Hamilton wakaufufua, dunia ikaenda kununua makafi. Vijana wale wa Waikiki waliitwa kwa jina lile lile tunalowaitia wetu: mabichiboi. Ila Duke Kahanamoku, aliyekulia kwenye ufuo ule na kushinda dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya 1912, amesimamishiwa sanamu pale pale. Wetu wanafukuzwa na askari wa hoteli. Utakapovutwa kutoka majini na mmoja wao, Jumamosi saa nne asubuhi, utapata nafasi ya kulifikiria hilo.

Kuna jambo jingine la kukuburudisha njiani. Mchezo ulipopata jina, shirikisho la mitumbwi na shirikisho la watelezaji wa mawimbini yaliugombania. Je, mtu aliyesimama juu ya ubao na kafi mkononi yumo chomboni au yumo wimbini? Shauri lilifika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Uswisi, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba kwa mambo ya Olimpiki mchezo ni wa watu wa mawimbi. Mimi ningeitwa kutoa ushahidi ningesema hayumo katika hivyo viwili. Yumo majini, na kafi limeshakwenda.

Ijumaa jioni utapewa fomu. Itakuuliza jina la mtu wa karibu wa kupigiwa simu, na kiwango chako cha kuogelea. Usiandike "wastani". Wastani wa nani? Mimi niliandika "mzuri" kwa sababu mwaka 1991 nilivuka bwawa la shule kwa upana wake. Kijana aliyepewa kunifunza aliisoma, akanitazama tumbo, akaenda kuchukua ubao mpana zaidi.

Nikauchukua ubao nikapita nao kando ya mashua, ambako mzee mmoja alikuwa amekaa anashona jarife. Alinitazama, akautazama ubao, akanitazama tena.

"Mwanangu, waenda kuvua nini?"

"Sivui, ami. Nacheza tu."

Akarudi kwenye jarife lake kwa adabu ya mtu aliyeona matanga akaamua kutouliza marehemu ni nani.

Huyo mzee ndiye wa kumganda. Simu yako itakuonyesha mishale, rangi na sekunde, na hutaelewa hata kimoja. Yeye alihesabu kwa vidole tarehe ya mwezi mwandamo, akasema, "Kesho bamvua." Wazee wa pwani hawahitaji programu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya hapo ni maji mafu. Kwa mvuvi hiyo ni habari ya mtego na nyavu. Kwako ni habari ya shingo. Maji ya bamvua yakipwa, wimbi ulilolisafiria haliteremki polepole kama kwenye video. Linasimama, linajikunja, linaanguka lote kwa mpigo mmoja juu ya mchanga wenye maji ya magoti. Mzee alisema tusiingie kabla maji hayajajaa nusu. Kijana aliyenifunza alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimelipa kuanzia saa moja asubuhi, na hela imenitoka.

Kuhusu ghuba ya Malindi yenyewe ujue hivi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na miamba. Mawimbi yanamalizia hasira zao huko nje, na ndani watoto wanaoga kama birikani. Mbele ya mji wa Malindi ukuta huo umekatika, kwa hiyo msukosuko wa kusi unakuja hadi mlangoni. Si Hawaii. Pale Sunset Beach, kisiwani Oahu, hata kipimo ni kingine: wazee wa Hawaii wana desturi ya kulipima wimbi kwa mgongo wake, si kwa uso wake, hivyo futi zao nne ni karibu nane za mtu anayeliona likimjia. Kwetu hupimwa kwa masimulizi, na huongezeka futi moja kwa kila kikombe cha kahawa.

Sasa kafi. Bapa lake limepinda kidogo kwenye shingo, na kila mgeni hulishika kama upawa, tumbo la mpindo likimwelekea, akidhani anachota. Ni kinyume. Bapa linatakiwa kuinama mbele, lielekee omo. Nilipiga kafi kinyume kwa dakika ishirini mbele ya watu, nikishangaa kwa nini nazunguka. "Bosi," kijana akasema taratibu, kama mtu anayekujulisha zipu iko wazi, "geuza kafi."

Jumamosi, basi. Hutaanza kwa kusimama. Utaanza kwa kutembea na ubao kando yako, kamba imefungwa mguuni, maji yanafika kiunoni. Hapa pana sheria moja ambayo ningependa ichanjwe pajani kwa kila anayekodi ubao: usiuweke ubao kati yako na wimbi. Ukiuweka hapo, wimbi litautumia. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi tani, na kwa siku kama ile hutakutana na mita moja tu.

Halafu unapanda, unapiga magoti, unapiga kafi kuelekea nje. Mawimbi hayaji ovyo. Huja kwa makundi, matano, sita, kisha bahari inatulia kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuendelea kukutukana. Unatakiwa kutoka katika utulivu huo. Mimi nilitoka katika utulivu nilioukadiria mwenyewe.

La kwanza lilikuwa povu tu, nikalipita. La pili likainua omo, likaniteremsha kwa kishindo, nikacheka kwa sauti, nikasimama. La tatu lilikuwa bado halijavunjika. Liliumuka polepole mbele yangu kama unga wa maandazi, ukingo wake ukawa mwembamba hadi jua likaonekana ndani yake, kijani, na ndani ya kijani kile nikaona jani la mnazi limesimama wima, limetulia, kana kwamba halina haraka. Mwenye ubao mfupi hapo huinamisha ubao wake akapita chini ya wimbi. Wewe huwezi, ubao wako una lita 140 za hewa na povu gumu, haukubali kuzama hata kwa bakora. Ama uchape kafi kwa nguvu upite kabla halijavunjika, ama uruke ubavuni. Mimi nilichagua njia ya tatu, ambayo haimo vitabuni. Nilisimama nikalitazama.

Nilipepetwa kama mchele kwenye ungo. Nikaijua ladha ya Bahari ya Hindi kwa matundu yote. Nikiwa huko chini nilikumbuka kwamba wimbi huvunjika linapofika penye maji yasiyozidi sana kimo chake lenyewe, yaani lile lililokuzidi urefu kidogo linaanguka penye maji ya kukuzidi kidogo, ndiyo maana mtu haruki kwa kichwa. Nilikumbuka hayo kwa sababu nilikuwa nimeshafika chini kwa kichwa. Mchanga wa Malindi, namshukuru Mungu, ni laini.

Ukiibuka, tangulia na mikono juu ya kichwa. Ile kamba ya mguuni ina mita tatu na ubao una mita tatu. Kamba inavutika, kisha inaurudisha ubao kwa mwenyewe kwa mapenzi makubwa. Wangu ulinikuta kwenye sikio.

Yote haya hutayafanyia mahali pamoja. Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini, na kusi linausaidia. Mtu aliyesimama ni tanga, na mtu wa kilo 94 ni tanga kubwa. Uliingia mbele ya mashua. Ukiinua kichwa unaona hoteli usiyoijua. Ukizidi kuchukuliwa, maji yanaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, maana huko mbele ndiko mto Sabaki unakomwaga matope ya bara, na mdomoni mwa Sabaki kuna viboko. Fomu ilitaja miamba, jua na maradhi ya moyo. Viboko haikuwataja.

Hapo ndipo alipokuja kijana mmoja juu ya ubao mkuukuu, wa njano, umezibwa nyufa kwa gundi, akashika kamba yangu akanivuta hadi ufuoni bila kuuliza chochote. Nikamwambia asante. Akasema, "Hakuna neno, yakhe," akarudi mawimbini kama mtu aliyetoka kufunga mlango. Nilimwona baadaye akiteleza kwa kisigino, anapiga gumzo na mwenzake.

Safari ya kurudi kwa miguu, ubao kwapani na kusi usoni, ingestahili mwongozo wake peke yake. Upepo unaugeuza ubao, ubao unakugeuza wewe. Nilitembea nusu ya njia kinyumenyume, nikiwaamkia watu niliokwisha kuwapita.

Jioni utalala kifudifudi barazani, viazi karai mkononi kwa sababu mkono haufiki mbali zaidi, na rasini utauona ule mnara wa Vasco da Gama. Usiudharau. Bwana yule alifika hapa Aprili 1498 na mizinga na mabaharia waliozunguka ncha ya kusi ya Afrika, na bado aliomba rubani. Akapewa, akavuka hadi Bara Hindi kwa muda usiotimia mwezi, kusi likimsukuma. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Aling'oa nanga Oktoba akaiona pwani ya Afrika Januari, watu wake wakifa njiani. Wewe una ubao wa kukodi na mafuta ya jua, na kijana uliyepewa ulimwambia, "Niache kidogo, nimeshaelewa."

Adabu za majini ni chache. Wimbi moja, mtu mmoja, na haki ni ya aliye karibu zaidi na linapoanzia kuvunjika. Kwa kuwa umesimama, utaliona kabla ya wote, na kwa kuwa una kafi, utalifikia kabla ya wote. Ndiyo maana wenye mbao fupi wanatuchukia, na wana haki.

Jumapili niliamka kabla ya jua, upepo ukiwa bado mdogo, nikangoja maji yajae nusu. Nilikaa pale mchangani karibu na mzee, kimya, yeye na jarife lake. Alipoinua kidevu kidogo kuelekea baharini, nikaingia.

Sitakuficha: nililipata moja. Halikuwa kubwa, lilinifika kifuani. Niliuhisi mkia wa ubao ukiinuka, nikapiga kafi mara tatu, mara nne, halafu ghafla sikuhitaji kupiga tena. Kelele zote zikaisha. Kulikuwa na mchirizo mdogo chini ya nyayo, kama kitambaa kinachochanwa taratibu, na ufuo unanijia wenyewe na minazi yake. Sekunde sita, labda saba. Nikashuka kwenye maji ya magoti kwa miguu yangu miwili, nywele zimekauka. Sikuona hata mtu mmoja anayenitazama, ila mzee.

Nikampita nimejinyoosha.

"Umepata nini leo?" akauliza.

"Wimbi moja, ami."

Akautazama ubao, akainama kidogo akachungulia chini yake, kisha nyuma yangu.

"Liko wapi?"