Sifa za Buibui wa Busia

Mwenye nyumba wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, akimwona buibui darini hukimbilia jikoni. Hutoka na ndimu iliyokatwa, siki, karafuu na kitunguu saumu kilichopondwa. Huko Tororo wengine huchoma majani ya mwarobaini hadi watoto watoke nje wakikohoa. Buibui yuko pale pale juu, anangoja moshi upungue. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kuzijaribu dawa za namna hii: mafuta ya mnanaa yaliwakimbiza baadhi ya buibui, lakini ya limau hayakufua dafu. Ndimu, jamani, ni ya samaki.

Tuanze na ukoo. Nani kati yetu anayesimuliwa kwamba babu yake alitanda uzi kwenye mlango wa pango la Thaur, Mtume akiwa amejificha ndani, maadui wake wakageuka wakaenda zao?

Kisha kazi. Kando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo wa kuruka, milimita tano hivi, aliyepewa na wanasayansi jina la Evarcha culicivora mwaka 2003. Hategi kwa utando, huwinda kwa macho. Anachokipenda zaidi ni mbu jike aliyekwisha kushiba damu. Kwa lugha ya mpakani, ni afisa wa forodha anayempisha mkono mtupu, akamkamata mwenye mzigo, na kitu kidogo hapokei.

Watoto wake ni mafundi zaidi. Anofelesi, mbu wa malaria, hutua akiwa ameinua matako. Buibui mchanga akiuona mkao huo huzunguka taratibu kwa nyuma, hujipenyeza chini ya tumbo lililoinuka, halafu humrukia. Na kazi haikosekani: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa mtu wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Chandarua nacho tukisifu na tulale ndani yake, ila hakijawahi kumla mbu hata mmoja.

Mnaotaka kumfukuza mtanisamehe, dawa yake ya asili ninayo. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Basi fueni soksi. Mbu naye huipenda harufu ya miguu, kwa hiyo mvivu wa kufua huwaita wote wawili, mnywa damu na mla mnywa damu, na sijui mwenyeji mkarimu kumshinda. Mama watoto akiuliza kwa nini soksi za wiki nzima zimelala chini ya kitanda, mwambie unapambana na malaria. Akikuletea beseni na kipande cha sabuni, usibishane. Fua, na ulale ndani ya chandarua.